Mkutano Mkuu wa Kijiji: Kwa Nini Mwamini Asikose Kuhudhuria



Katika vigango vyetu vingi vya vijijini nchini Tanzania, malalamiko yanayowafikia viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo yanafanana. Mjane ameambiwa na ndugu wa marehemu mumewe kwamba shamba si lake. Mkulima amelima hadi kwenye njia ya mifugo iendayo mtoni, naye mfugaji amepitisha ng'ombe katikati ya mahindi yaliyokaribia kuvunwa. Michango ya kisima ilikusanywa, lakini mapato na matumizi hayajasomwa. Eneo la malisho limepimwa na wageni, na hakuna ajuaye ni nani aliyewaruhusu.

Mambo haya husemwa kwa uchungu, lakini mara nyingi husemwa baada ya sala, chini ya mwembe, mahali ambapo hayawezi kuamuliwa. Mahali pa kuyaamua, au walau pa kuyahoji mbele ya wote, ni Mkutano Mkuu wa Kijiji. Tunapenda kueleza mkutano huo ni nini, una mamlaka gani, na kwa nini kuuhudhuria ni sehemu ya wito wa mlei.

Mkutano huu ni nini?

Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, Mkutano Mkuu wa Kijiji huundwa na kila mkazi wa kawaida wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 au zaidi. Haumtaki mtu kadi ya chama, haumuulizi kabila wala dini, wala haupimi ukubwa wa shamba lake. Ndio wenye mamlaka ya juu katika kupanga mwelekeo wa mambo ya kijiji, na unapaswa kuitishwa angalau mara moja kila miezi mitatu.

Mkutano huu ndio unaochagua Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, ambao walau robo yao ni wanawake. Na ndio wenye uwezo wa kuwaondoa wajumbe hao. Kwa hiyo mwenyekiti na wajumbe si wenye kijiji. Wao ni watumishi wa wale waliowachagua, na kusomewa mapato na matumizi ni haki ya wananchi, si hisani ya kiongozi.

Ardhi ni mali ya nani kuigawa?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inaikabidhi Halmashauri ya Kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji kama mdhamini anayetunza mali kwa niaba ya wanakijiji. Mdhamini hauzi mali kwa siri. Halmashauri hairuhusiwi kugawa ardhi wala kutoa hakimiliki ya kimila bila kupata kwanza idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Karatasi yenye sahihi na mhuri wa mwenyekiti peke yake haiwezi kuchukua nafasi ya idhini hiyo. Utaratibu huu unamhusu kila mwombaji, ikiwa ni pamoja na parokia inayohitaji kiwanja cha kujenga kigango.

Sheria hiyo hiyo inasema wazi kwamba haki ya mwanamke ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ile ya mwanamume. Tena inaagiza kuwepo kwa Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake. Kazi ya baraza hilo ni usuluhishi: kuwakalisha pamoja wenye mgogoro ili wafikie maelewano kabla ya kupanda ngazi za juu, ambako gharama huwa kubwa na uhasama huzidi. Wajumbe wake huthibitishwa na Mkutano Mkuu. Asiyehudhuria siku hiyo hapaswi kushangaa akikuta usuluhishi umewekwa mikononi mwa watu asiowaamini.

Maandiko na Mafundisho ya Kanisa

Maandiko Matakatifu yanatuonesha mikutano miwili juu ya ardhi, yenye matokeo tofauti kabisa.

Katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 27, mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa, kuhani Eleazari, viongozi na jumuiya nzima, wakadai fungu la baba yao aliyefariki bila kuacha mtoto wa kiume. Hawakunung'unikia hemani mwao. Musa alilipeleka shauri lao mbele za Mungu, na Mungu akawapa haki. Madai yao yakawa msingi wa sheria kwa Israeli yote.

Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, Naboti alikataa kumpa mfalme Ahabu shamba la mizabibu alilorithi kwa baba zake. Yezebeli aliwaandikia barua wazee na wakuu wa mji, watu wakakusanywa, na mashahidi wawili wa uongo wakamshtaki Naboti mbele ya umati. Alipigwa mawe, na shamba likachukuliwa. Tuzingatie kwamba dhuluma hii haikufanyika gizani. Ilifanyika mkutanoni, mbele ya majirani, na hatusomi popote kwamba kulikuwa na aliyesimama kumtetea. Kwa hiyo kuhudhuria tu hakutoshi. Inatupasa pia kuwa na ujasiri wa kusema kweli.

Mama Kanisa amelifafanua jukumu hili katika Mafundisho Jamii. Mwaka 1931, Papa Pius XI, katika waraka wake Quadragesimo Anno, alieleza kanuni ya auni: jambo linaloweza kutekelezwa na jumuiya ndogo lisinyakuliwe na chombo kikubwa zaidi. Kanuni hiyo huilinda jumuiya ndogo, lakini pia huidai iwajibike. Nao Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikani, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, waliwakumbusha raia kwamba wana haki na wajibu wa kushiriki kwa ajili ya mafao ya wengi.

Jumuiya ifanye nini?

Maaskofu wa AMECEA walipozipa kipaumbele Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo katika miaka ya 1970, walikusudia imani iguse maisha ya kila siku ya majirani. Jumuiya inaweza kutangaza tarehe ya mkutano wa kijiji mara inapojulikana, na kuepuka kupanga shughuli zake siku hiyo. Inaweza kumsindikiza mjane ili asisimame peke yake, na kumsaidia kutunza nyaraka zake. Wanajumuiya wanaweza kuomba kwa adabu muhtasari wa mkutano uliopita usomwe, na maamuzi ya siku hiyo yaandikwe kabla watu hawajatawanyika.

Hata hivyo, hatuendi mkutanoni kama kundi la Wakatoliki linalotafuta ushindi. Tunakwenda kama majirani wa Waislamu, wa Walutheri na wa wafuasi wa dini za jadi, ambao kisima chao ndicho chetu. Kazi hii ni ya walei hasa, kwani Sheria ya Kanisa, kanuni ya 285, inawakataza makleri kushika nyadhifa za umma zinazohusisha mamlaka ya kiserikali. Wala mkulima mkristo asitumie wingi wa wakulima kumnyima mfugaji njia ya maji. Mafao ya wengi maana yake ni mema ya wote, hata ya yule mwenye kura moja tu.

Mkutano ujao utakapotangazwa, tuache jembe kwa saa chache, twende. Mwenyezi Mungu atujalie hekima ya mabinti wa Selofehadi, na asiruhusu Naboti mwingine apotee mbele ya macho yetu tukiwa tumenyamaza.