Mto unatuambia nini mwezi wa tisa?



Darasani tunasoma katika vitabu vya Kifaransa habari za printemps: theluji inayeyuka, miti inatoa majani, ndege wanarudi. Kule Ulaya inaanza tarehe 20 au 21 Machi. Wengi munafikiri kwetu Katanga hakuna kitu cha namna hiyo. Iko! Lakini kwetu haifuati theluji, inatangulia mvua. Mukishuka pembeni ya Lufira mutaona alama zake.

Alama ya kwanza ni miombo. Mvua imekatika tangu mwezi wa tano hivi, nyasi zimeungua, lakini toka mwezi wa nane au wa tisa miti inatoa majani mapya, mekundu kama shaba, kisha yanageuka kijani. Maji inapata wapi? Mizizi yake inafika chini sana, na shina lenyewe linaweka akiba. Kwa hiyo mti haungojei mvua.

Alama ya pili ni hewa. Wakati wa kiangazi upepo mkavu unatoka kusini-mashariki. Karibu na tarehe 23 Oktoba jua la saa sita linapita juu kabisa ya vichwa Lubumbashi. Joto linakuwa kali, kisha hewa yenye maji inakuja toka kaskazini-magharibi na mawingu yanajikusanya. Ndipo mbayuwayu wanafika, wanakimbia baridi ya Ulaya.

Alama ya tatu ni mto wenyewe. Mwisho wa kiangazi uko chini kabisa, mchanga na mawe vinaonekana. Siku maji yanageuka matope na kwetu hakujanyesha, mujue mvua imepiga kule juu. Mto ukifurika, kambale wanaingia kwenye nyasi kutaga mayai.

Sababu gani ninaandika haya? Mwaka jana nilikuwa msimamizi wa shamba letu la mahindi. Mwanzo wa mwezi wa kumi mvua moja ikanyesha. Nikaona majani mekundu, nikasema: mvua imefika, tupande yote leo! Muzee mmoja anayefanya kazi shambani akaniambia, "Mwanangu, ngojea." Mimi nikamjibu kwamba ninasoma jeografia. Jua likawaka wiki tatu. Mahindi yaliota, yakakauka yote. Tukanunua mbegu tena kwa feza ya maharagwe, na munakumbuka wenyewe namna tulikula bukari na majani tu. Kosa lilikuwa langu.

Nilienda kumuomba muzee musamaha. Akanifundisha: jani jekundu linasema mvua iko njiani, halisemi imefika. Chimba kwanza. Kama udongo ni mkavu chini ya kiganja kimoja, rudisha mbegu ndani.

Mwaka huu tutamusikiliza yeye. Na ninyi munaowasha moto pembeni ya mto kuwinda panya, muache. Moto wa mwezi wa tisa unaunguza majani machanga, na mti unapaswa kuanza tena kwa akiba ile ndogo iliyobaki. Sisi tunajua sasa kuanza tena ni nini.

Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa sita