Dakika za mwisho hazina mkalimani

Bwana mmoja wa Kifaransa anakatiza vichochoro vya mtaa wa walalahoi mjini Dakar. Nyuma yake anakuja mtoto wa kiume aliyejifunika uso kwa kinyago cha mbao. Bwana akigeuka, kinyago kipo. Akikaza mwendo, kinyago nacho kinakaza. Hapigwi, hatukanwi, haulizwi chochote. Anafika kwenye gari lake na kutokomea. Mtoto anakishusha kinyago, uso wake unabaki wazi mbele ya kamera, na filamu inaishia hapo.

Hivyo ndivyo inavyofungwa *La Noire de...*, filamu ya mwaka 1966 ya Ousmane Sembène wa Senegal. Mtu anayeitazama kwa mara ya kwanza huenda akanyanyuka na maswali mengi mdomoni. Bwana yule anajuta, au anaogopa tu? Mtoto anadai nini? Mwongozaji angepungukiwa na nini kama angeongeza sentensi mbili tu za maelezo?

Swali hilo lina haki ya kuulizwa, kwa sababu Sembène hakuwa msanii wa kujificha nyuma ya mafumbo. Alizaliwa Ziguinchor mwaka 1923, akatumikia jeshi la Ufaransa katika Vita Kuu ya Pili, kisha akabeba mizigo kwenye bandari ya Marseille. Akiwa huko alianza kuandika riwaya. Tatizo lake lilikuwa kwamba wengi wa watu aliowaandikia hawakuweza kumsoma. Miaka ya mwanzo ya 1960, akikaribia umri wa miaka 40, alikwenda Moscow kujifunza kutengeneza filamu. Sinema aliiita shule ya jioni kwa watu wake. Sasa mwalimu wa shule ya jioni anawezaje kuwaaga wanafunzi bila kuandika jibu ubaoni?

Jibu limo katika kisa chenyewe. Diouana, aliyeigizwa na Mbissine Thérèse Diop, anapata kazi ya kulea watoto kwa mume na mke wa Kifaransa wanaoishi Dakar. Kwa furaha anampa mama mwajiri zawadi ya kinyago. Baadaye wanamchukua hadi Antibes, kusini mwa Ufaransa, naye anakwenda akiiwazia nchi atakayoiona. Anachokiona ni jiko, bafu na sakafu ya kupiga deki. Kinyago kimetundikwa ukutani kama pambo, na yeye mwenyewe anaonyeshwa kwa wageni kama kitu cha aina hiyohiyo.

Filamu haizidi sana saa moja, na sehemu kubwa ya saa hiyo Diouana hazungumzi na waajiri wake zaidi ya kuitikia. Tunachosikia ni mawazo yake, na hata sauti inayoyasema si ya Diop bali ya Toto Bissainthe, mwimbaji wa Haiti.

Halafu inafika barua kutoka nyumbani. Diouana hajui kusoma, kwa hiyo bwana anamsomea. Kisha, bila kungoja aambiwe nini, anashika kalamu na kuanza kumwandikia majibu: maneno ya bwana yatakayosafiri kwa jina la mtumishi. Diouana anaichana barua. Muda si mrefu anakidai kinyago chake, wanakigombania na mama mwenye nyumba, anafunga sanduku lake, na kujiua bafuni. Kwa lugha ya watazamaji wa mitaani, stelingi amekufa na picha bado inaendelea.

Mtu anayetaka maelezo zaidi mwishoni angerudi kwanza kwenye tukio hilo la barua. Kisa chote ni cha mwanamke ambaye wengine wanamsemea. Msimulizi akija dakika za mwisho kutufafanulia Diouana alitaka nini, atakuwa ameokota kalamu ileile iliyoangushwa Antibes.

Tena maelezo yalikuwepo, na Sembène aliyajua vizuri. Kisa kilitokana na habari ya kweli iliyochapishwa na gazeti la *Nice-Matin*. Kabla ya kukifanya filamu alikiandika kama hadithi fupi katika mkusanyiko wake *Voltaïque* wa mwaka 1962, na ndani ya hadithi hiyo gazeti linatoa sababu ya kifo: mwanamke huyo Mweusi alikuwa amekumbuka kwao. Basi, yamekwisha. Aliyeandika hakusema uongo mkubwa, lakini alilifunga faili. Mishahara, matusi na mlango uliofungwa vyote vilimezwa na neno moja la huzuni. Alipolishika jambo lilelile kwa kamera, Sembène alimalizia kwa mtoto anayetembea.

Ipo sababu nyingine, nayo ni ya lugha. *La Noire de...* inazungumza Kifaransa, hata ndani ya kichwa cha msichana wa Dakar asiyejua kusoma. Ni hadi *Mandabi*, mwaka 1968, ndipo Sembène alipotoa filamu ndefu inayozungumza Kiwolofu. Katika filamu hii ya 1966, bwana anaporudi Dakar na sanduku la marehemu, anakwenda kwa mama mzazi akiongozana na mwalimu wa mtaani, aliyeigizwa na Sembène mwenyewe. Anatoa pesa. Mama anazikataa. Kuanzia hapo kazi ya mkalimani imekwisha. Mtazamaji wa soko la Dakar aliyekuwa akibahatisha Kifaransa tangu mwanzo anafika mahali ambapo yeye na profesa wa Paris wako sawa.

Watengenezaji wengine walichagua njia tofauti. Alfred Hitchcock, karibu na mwisho wa *Psycho* (1960), alimsimamisha daktari wa akili aeleze hatua kwa hatua kilichomsibu muuaji, na wahakiki wengi wameiona hotuba hiyo kuwa ndefu kupita kiasi. *Blade Runner* ya Ridley Scott ilitoka mwaka 1982 ikiwa na sauti ya msimulizi na mwisho wa heri, vilivyoongezwa baada ya watazamaji wa majaribio kuchanganyikiwa. Toleo la mwaka 1992 liliviondoa vyote viwili. Katika *The Third Man* (1949), mwandishi Graham Greene alitaka mwanamume na mwanamke wapatane. Mwongozaji Carol Reed akakataa, akamfanya Alida Valli atembee njia nzima ya makaburini Vienna na kumpita Joseph Cotten bila kumtupia jicho. Baadaye Greene alikiri kwamba Reed ndiye aliyekuwa sahihi.

Afrika Mashariki ina sababu yake ya kulitazama suala hili kwa jicho la karibu, kwani huku filamu imezoea kuelezwa. Katika vibanda umiza vya Tanzania sauti ya Lufufu iliwaingiza watu wengi katika filamu za kigeni. Kenya inaye DJ Afro, na Uganda ina ma-VJ wake. Hawa hawatafsiri mazungumzo pekee. Wanatania, wanaonya, wanampa adui jina la mtaani, na kamera ikinyamaza wao wanajaza. Ni ufundi wa haki, na bila wao filamu nyingi zingebaki kelele za lugha ya watu.

Lakini mtazamaji wa huku anayejua habari za mabinti wanaokwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani hahitaji kuambiwa sanduku linaloletwa na mwajiri lina uzito gani. Anamjua mama anayezisukuma pesa zile. Hata mtoto anamjua, maana kila mtaa una mtoto anayemfuata mgeni hadi garini, ila huyu hana kelele wala haombi kitu.

Mfasiri akiiweka filamu hii kwenye kibanda chake, atakuwa na kazi nyingi kwa karibu saa nzima: Antibes, barua, kinyago ukutani. Kisha bwana atageuka mara ya kwanza na kukiona kinyago nyuma yake, na maikrofoni itakuwa bado mkononi.