Kabla Dari Haijafungwa: Usalama wa Viyoyozi Katika Majengo ya Biashara

Kaskazi inapoanza kuvuma mwezi wa Desemba, mafundi wa viyoyozi mjini Mombasa huwa hawashikiki. Maduka ya dawa, mikahawa, saluni na ofisi zote hutaka baridi kwa wakati mmoja, na joto la mchana huzidi nyuzi 30 hadi Machi ipite. Kazi nyingi hufanywa Jumapili au usiku ili biashara isifungwe. Jumatatu asubuhi mwenye duka hupata dari nyeupe, rimoti mezani na hewa baridi, naye hulipa.

Sehemu kubwa ya alicholipia haioni. Nyaya zimepita juu ya dari, mabomba ya shaba yamevishwa sponji na kufungwa mkanda, na mtambo wa nje umening'inia ghorofa ya pili mahali ambapo hakuna anayepanda. Hatari nyingi za kiyoyozi cha biashara, iwe ni moto, shoti ya umeme au mtambo kuanguka, huanzia kwenye jambo lililofanywa katika siku zile mbili za kukifunga. Kwa hivyo wakati wa mwenye biashara kuuliza maswali ni kabla dari haijafungwa. Hahitaji kuwa fundi. Anahitaji tu kujua aonyeshwe nini.

Kazi mbili, leseni mbili

Kufunga kiyoyozi ni kazi ya umeme na kazi ya gesi kwa pamoja, na anayeijua moja huenda asiijue nyingine. Kwa upande wa umeme, Sheria ya Nishati ya 2019 inamtaka fundi awe na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA. Leseni hizo zina madaraja, na madaraja ya chini hayamruhusu mtu kugusa kila aina ya mtambo. Fundi aliyezoea taa na soketi za nyumbani si lazima awe na ruhusa ya kuunga mtambo wa fezi tatu wa supamaketi. Leseni huwa na tarehe ya mwisho, kwa hivyo isomwe, isitazamwe kwa mbali.

Kwa upande wa gesi, cheti cha majaribio ya ufundi cha NITA au cha chuo cha ufundi ndicho cha kuulizia. Fundi wa jua kali anaweza kuwa hodari, na wengi ni hodari kweli. Shida ni kwamba mambo yakiharibika, mwenye duka asiye na karatasi yoyote hubaki peke yake mbele ya kampuni ya bima. Tena Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inampa mwenye mahali pa kazi wajibu wa kuwalinda hata watu wasio waajiriwa wake, wakiwemo mafundi waliokuja kwa siku moja. Kusema "hiyo ni kazi ya fundi, si yangu" hakumwondoi mtu kwenye sheria hiyo.

Umeme

Kiyoyozi cha BTU 24,000, kinachotosha duka la wastani, huvuta takriban ampia 10 kwenye umeme wa volti 240. Soketi ya kawaida hapa Kenya ni ya ampia 13, na hapo ndipo watu hudanganyika. Hesabu inaonekana kutosha. Lakini soketi ya ukutani haikukusudiwa kubeba mzigo huo saa kumi kwa siku, siku sita kwa wiki. Skrubu yake ikilegea kidogo, au chumvi ya hewa ya pwani ikila ncha za waya, pale panapogusana hupata moto. Plagi hugeuka rangi ya kahawia, plastiki hulainika, na usiku mmoja duka likiwa limefungwa moshi huanza kutoka chini ya mlango. Waya wa ekstensheni ni hatari zaidi, hasa ukiwa umekunjwa nyuma ya rafu ambako joto halina pa kutokea.

Kiyoyozi cha biashara huhitaji laini yake pekee kutoka kwenye ubao mkuu wa umeme. Laini hiyo iwe na breka yake, waya wa unene uliopigiwa hesabu kulingana na mzigo na umbali, waya wa ethi ulioungwa hadi kwenye mtambo wa nje, na swichi ya kukatia umeme karibu na mtambo huo. Swichi hiyo mara nyingi huachwa ili kupunguza gharama. Bila hiyo, fundi atakayekuja kusafisha mtambo mwaka ujao atategemea mtu wa chini asiwashe umeme yeye akiwa juu. Hata wakati wa kufunga, umeme uzimwe na ubao ufungwe kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa fundi mwenyewe. Bango la karatasi lililoandikwa "usiwashe" halimzuii mtu anayetaka chai yake ichemke.

Kuna kosa moja linalostahili kutajwa peke yake. Breka ikiruka mara kwa mara, baadhi ya mafundi huitoa na kuweka kubwa zaidi, na tatizo huonekana limekwisha. Breka imewekwa ili kuulinda waya. Ukiweka breka ya ampia 32 kwenye waya mwembamba uliokusudiwa soketi chache, waya wenyewe ndio utakaokuwa kitu cha kwanza kuungua, nao umelala juu ya dari. Breka ikiruka, mwenye duka aulize kwa nini imeruka, na asikubali jibu la kubadilisha breka peke yake.

Majengo ya katikati ya mji yana shida ya ziada. Duka moja la zamani hugawanywa vibanda kumi, na kila mwenye kibanda huongeza kiyoyozi chake kwenye laini ileile aliyoikuta. Hakuna hata mmoja anayejua mzigo wote ni kiasi gani. Katika majengo ya aina hii mwenye nyumba ndiye anayepaswa kumwita mkandarasi wa umeme apige hesabu ya jengo zima, na pengine kuomba Kenya Power umeme wa fezi tatu, kabla ya kuruhusu kiyoyozi kingine.

Mzigo ulioning'inia juu ya njia ya watu

Mtambo wa nje wa BTU 24,000 huwa na uzani wa kilo 40 hadi 60. Ule wa BTU 48,000 hukaribia kilo 100 na wakati mwingine huzidi. Chini yake kuna njia ya miguu, mama wa mahamri, na bodaboda waliojificha kivulini.

Ukuta ndio wa kuangaliwa kwanza. Nyumba nyingi za zamani kisiwani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na bolti inaweza kuingia vizuri kwenye lipu ikaonekana imeshika huku nyuma yake mna kifusi laini. Matofali yenye uwazi ndani nayo hayashiki bolti ya kawaida. Mahali pa namna hiyo, mtambo ni bora uwekwe chini au juu ya paa la zege, hata kama mabomba yatakuwa marefu na bei itapanda.

Halafu kuna chumvi. Vishikilio vya chuma cha kawaida vilivyopakwa rangi tu huanza kutu mapema karibu na bahari, na kutu huanzia kwenye tundu la bolti, mahali pasipoonekana. Vishikilio viwe vya chuma kilichopakwa zinki kwa joto na bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu. Tofauti ya bei ni ndogo ukilinganisha na gharama ya mashine yenyewe.

Siku ya kupandisha mtambo, njia ya chini ifungwe na mtu asimame kuwazuia wapita njia. Fundi aliye juu avae mkanda wa usalama uliofungwa mahali imara, si kwenye bomba la maji wala kwenye mtambo anaoufunga. Ukiona kijana amesimama kwenye ukingo wa dirisha ghorofa ya tatu huku mwenzake amemshika shati, kazi hiyo isimamishwe palepale, awe ni fundi wako au wa jirani.

Katika Mji wa Kale, kutundika mtambo kwenye ukuta wa mbele au kwenye roshani huhitaji kwanza kuulizia ofisi ya uhifadhi wa Mji wa Kale, kwa kuwa eneo hilo linalindwa. Penginepo, kubadilisha ukuta au paa la jengo la biashara ni suala la kuulizia idara ya mipango ya kaunti kabla ya tundu la kwanza kutobolewa.

Mtungi usiofaa

Mabomba ya shaba yakishaungwa, lazima yapimwe kama yanavuja. Kipimo sahihi hufanywa kwa gesi kavu ya naitrojeni kupitia regyuleta. Kwa mashine za gesi ya R-410A watengenezaji wengi hutaka presha ya takriban psi 600, ishikiliwe muda mrefu, mara nyingi saa 24, na geji isishuke. Hii ndiyo sababu kazi iliyokamilika yote Jumapili moja huzua maswali.

Kinachoua hapa ni njia ya mkato. Fundi tayari ana mtungi wa oksijeni, kwa sababu anautumia kuchomelea shaba. Naitrojeni ni mtungi mwingine wa kukodi na kubebwa. Basi huona si neno akajaza mabomba oksijeni. Ndani ya kompresa mna mafuta, na mafuta yakikutana na oksijeni yenye presha hulipuka bila kuhitaji kiberiti. Kompresa hupasuka kama bomu mbele ya uso wa aliyeinama kuitazama geji. Hakuna kiasi kidogo cha oksijeni kinachoweza kuitwa salama kwa kazi hii. Mwenye biashara aombe kuonyeshwa mtungi wa naitrojeni kabla ya kipimo kuanza, na asipouona, kipimo kisubiri.

Baada ya hapo hewa na unyevu hutolewa kwa pampu ya kunyonya, kisha ndipo gesi ya kupozea hufunguliwa. Wengine huruka pampu, wakafungulia gesi kidogo ili "isukume hewa". Gesi hiyo inakwenda angani, na unyevu unabaki ndani ukila kompresa.

Aina ya gesi imeandikwa kwenye kibandiko cha mashine. R-22 ni ya mashine za zamani, na inaondolewa sokoni duniani kote chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa sababu huharibu tabaka la ozoni. R-410A hufanya kazi kwa presha kubwa zaidi, hivyo haiwezi kutiwa kwenye mashine ya R-22. R-32, iliyo kwenye mashine nyingi mpya, inaweza kushika moto, ingawa si kwa wepesi. Anayeifunga hapaswi kuvuta sigara wala kuwasha moto karibu na gesi iliyofunguliwa, na viungo vya mabomba havifai kufichwa juu ya dari isiyopitisha hewa. Gesi yoyote kati ya hizi ikivuja chumba kidogo hufukuza hewa ya kupumua, na ikigusa mwali wa moto hutoa moshi wa sumu. Ikivuja, watu watoke na milango ifunguliwe kwanza.

Maji na hewa

Katika unyevu wa Mombasa kiyoyozi kimoja kikubwa kinaweza kutoa lita kadhaa za maji kwa saa. Maji yanayodondoka kwenye njia ya miguu huota ukungu na kuwaangusha wazee. Yakikingwa kwa ndoo nyuma ya duka, mbu wanaoeneza dengue na chikungunya hupata pa kutagia, na mji huu umeshaugua maradhi yote mawili. Bomba la maji lielekezwe hadi kwenye mfereji.

Viyoyozi vingi vya ukutani havileti hewa mpya. Huzungusha ileile ya ndani. Kliniki, chumba cha mafunzo au mkahawa uliofunga madirisha yote huhitaji feni ya kutoa na kuingiza hewa. Mkahawa wenye jiko la makaa ndani usifunge madirisha kwa ajili ya baridi, kwani hewa ya makaa huua bila harufu.

Siku ya makabidhiano

Malipo ya mwisho yabaki mkononi hadi mashine iendeshwe mchana wa joto, taa na friji zote zikiwa zimewashwa, kwa saa mbili au zaidi. Katika muda huo fundi apime ampia mbele ya mwenye duka, na aangalie kama breka, waya au plagi yoyote imepata moto. Kisha atoe cheti cha kukamilisha kazi ya umeme chenye nambari ya leseni yake, na maandishi ya presha iliyopimwa, aina ya gesi na kiasi chake. Picha za simu za nyaya na mabomba kabla dari haijafungwa ziwekwe pamoja na karatasi hizo, kwa sababu wakaguzi wa zima moto na mafundi watakaofuata hawataweza kuona kilichoko juu kwa njia nyingine rahisi. Mtungi wa kuzima moto wa kaboni dayoksaidi au wa unga uwekwe karibu na ubao wa umeme, si ndani ya stoo. Mtambo unaofuka moshi haumwagiwi maji kabla umeme haujakatwa. Umeme ukatwe, watu watoke, na simu ipigwe 999 au 112.