Usukani Ukitetemeka, Chunguza Kabla ya Kununua Vipuri

Msimu wa mvua, magari mengi katika Kaunti ya Makueni hutoka kwenye barabara za udongo vijijini na kuingia lami ya Barabara Kuu ya Mombasa, pale Emali, Makindu au Kibwezi. Gari likikaribia kasi ya kilomita 80 kwa saa, usukani unaanza kutetemeka. Wenye magari wengi hubadilisha shoki, bushi na hata tairi, na baada ya gharama zote hizo mtetemo unabaki palepale. Mara nyingi chanzo ni tope lililokauka ndani ya rimu, ambalo huondolewa kwa maji na brashi.

Jambo la kwanza ni dereva kutambua mtetemo unaanza wakati gani. Habari hiyo humsaidia fundi kuliko kubahatisha.

Kwenye kasi kubwa pekee. Gurudumu halina balansi. Kagua kama kuna tope ndani ya rimu, au kama vile vipande vidogo vya risasi vya balansi vimeanguka. Mtetemo ukisikika kwenye usukani, anza na magurudumu ya mbele. Ukisikika kwenye kiti, anza na ya nyuma.

Wakati wa kukanyaga breki. Diski za breki huenda hazijalingana unene. Kufanya balansi hakutasaidia.

Wakati wa kuongeza mafuta. Mtetemo ukipungua mguu unapoachia, mwambie fundi akague shafti na jointi zake.

Hata kwenye mwendo wa polepole. Huenda rimu imepinda kwa kugonga shimo, tairi imevimba au nati za gurudumu zimelegea. Hapa dereva asiendelee na safari. Asimame mahali salama kando ya barabara, awashe taa za tahadhari, aweke pembetatu za onyo na kukagua kila gurudumu. Nati zikilegea kabisa, gurudumu huchomoka gari likiwa mwendoni.

Kuna jaribio lisilo na gharama kubwa. Kama tairi zote ni za saizi moja, magurudumu ya mbele yahamishwe nyuma na ya nyuma yaletwe mbele. Mtetemo ukihama kutoka kwenye usukani hadi kwenye kiti, kasoro iko kwenye gurudumu au tairi. Ukibaki kwenye usukani, fundi aangalie sehemu nyingine za mbele.

Kwa sehemu hizo, gari huinuliwa kwa jeki mahali tambarare, likawekewa stendi imara, na magurudumu yaliyo chini yakazuiwa kwa mawe. Fundi hulishika gurudumu na kulitikisa. Likicheza kulia na kushoto, anayeshukiwa kwanza ni tairodi. Likicheza juu na chini, ni beringi au bol jointi. Sehemu hizi zikikatika, dereva hawezi tena kuliongoza gari, kwa hiyo matengenezo yake hayangoji mwisho wa mwezi.

Alaimenti nayo isichanganywe na balansi. Alaimenti ikiharibika, kwa kawaida gari huvuta upande mmoja na tairi huliwa upande mmoja. Anayelipia alaimenti ili kuondoa mtetemo wa kasi kubwa huenda akarudi nyumbani na tatizo lilelile.

Kila gurudumu linapofunguliwa, hata kwa pancha tu, nati zikazwe kwa kupishana, si kwa kufuatana mduara, kisha zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Magari ya uchukuzi wa umma hukaguliwa na NTSA kila mwaka, lakini ukaguzi huo hauwezi kuona nati iliyolegea jana. Abiria anayehisi matatu ikitetemeka isivyo kawaida ana haki ya kumwambia dereva asimame. Dereva naye asione ni dharau, kwa kuwa dakika 5 za kuzunguka gari na spana mkononi zinaweza kuokoa maisha ya wote waliomo.