Mama aliuliza tutapaka rangi lini

Sebule yetu hapa Silver Spring tumeipaka Dorian Gray ya Sherwin-Williams, kijivu cha katikati, kinachorudisha kama asilimia 39 tu ya mwanga. Galoni mbili, wikendi nzima. Mama alipoingia akazitazama kuta, akauliza, "Sasa mwanangu, mtapaka rangi lini?"

Nilicheka. Halafu nikakumbuka: kwao Tanga kijivu ni saruji, ni nyumba iliyoishiwa hela. Na yeye alituma hela miaka na miaka kwa nyumba iliyobaki hivyo hivyo.

Tena dirisha letu linatazama kaskazini, kwa hiyo ukuta unaonekana bluu-bluu, baridi kabisa. Jaribuni kipande kwanza, jamani. Ukuta wa nyuma ya kochi tumemwachia mama. Kachagua manjano ya embe.