Paa halisemi kama ndani kuna mkunga

Tuseme ni saa nane usiku Busunzu, wilayani Kibondo. Mama amejifungulia nyumbani na damu haikatiki. Dereva wa bodaboda aliyeitwa si mwenyeji. Anafungua ramani kwenye simu, anaona mapaa mengi yanayofanana. Lipi ni zahanati? Lipi ni kanisa, ghala au darasa? Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua kunaweza kumuua mama aliyekuwa mzima ndani ya saa chache. Kila mlango usio wenyewe unampotezea muda.

Ipo ramani ya dunia iitwayo OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuijaza bila malipo. Watu walio mbali huchora majengo wakifuatisha picha za setilaiti. Lakini picha huonyesha paa tu. Kazi inayofanyika ndani anaijua mwenyeji.

Dar es Salaam walilitambua hilo. Katika mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu walipita mtaa kwa mtaa pamoja na wakazi, wakaandika walichokiona kwa macho. Wewe nawe unaweza kufanya hivyo kijijini kwako. Zingatia mambo manne.

Kwanza, andika jengo linavyotumika leo. Nyumba ya kuishi iliyogeuzwa duka la dawa, kwa mgonjwa ni duka la dawa. Zahanati iliyopauliwa lakini haijafunguliwa bado si zahanati.

Pili, usichanganye ngazi. Duka la dawa muhimu huuza dawa. Si mahali pa kulaza mgonjwa wala kuzalisha. Zahanati hutibu wagonjwa wa nje na huwahudumia kina mama wanaojifungua kwa njia ya kawaida. Kituo cha afya kina vitanda vya kulaza wagonjwa. Ukiipa zahanati jina la hospitali, utampeleka mama anayehitaji upasuaji mahali pasipo na chumba cha upasuaji.

Tatu, uliza kabla ya kuandika. Mganga mfawidhi anajua saa za kazi na kama usiku kuna mhudumu. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anajua kisima kinachotumika na kilichoharibika. Huduma ikihama au ikifungwa, rudi urekebishe, kwa sababu ramani iliyopitwa na wakati hupotosha kuliko kutokuwa nayo.

Nne, tunza siri za watu. Andika huduma za umma, si habari za majirani. Nyumba ya mtu anayetumia dawa za kifua kikuu au za virusi vya Ukimwi ibaki kuwa nyumba tu. Ramani hii inasomwa na kila mtu.

Hata hivyo, msomaji, ramani haizalishi. Kama nyumbani kwako kuna mjamzito, mpeleke kliniki mapema, panga naye atajifungulia kituo gani, weka akiba ya nauli na namba ya dereva. Kisha hakikisha kituo hicho kimeandikwa sawasawa kwenye ramani, kwa ajili ya mama mwingine ambaye dereva wake ni mgeni.