Aliyepima Viwanja Ndiye Aliyetununulisha Magari

Saa kumi na moja alfajiri, mtaa wetu mpya pembezoni mwa Dar es Salaam unaamshwa na mageti. Linafunguliwa hili, linafuata lile, na kila gari linatoka na mtu mmoja anayewahi foleni. Jirani yangu alinunua gari mwaka uleule aliohamia, tena kwa mkopo. Afanyeje? Kituo cha daladala ni bodaboda, duka la dawa ni bodaboda, na mvua ikinyesha watoto wanakwenda shule wamebeba viatu mkononi. Viwanja vilipimwa vikauzwa, na hakuna aliyetenga eneo la soko, la basi kugeuzia, wala upenyo wa mtembea kwa miguu.

Huwa naufikiria mtaa wa Vauban, mjini Freiburg, Ujerumani. Hapo palikuwa kambi ya jeshi la Ufaransa hadi 1992. Leo wanaishi watu zaidi ya 5,000. Nyumba nyingi hazina maegesho mlangoni. Mwenye gari hununua nafasi kwenye jengo la maegesho lililo ukingoni mwa mtaa, akailipia maelfu ya euro mbali na bei ya nyumba. Asiye na gari hutia saini kwamba hana, na habebeshwi gharama za jengo hilo. Maduka na chekechea viko karibu, na tangu 2006 tramu inapita katikati ya mtaa. Kwa wengi, kituo cha tramu kiko jirani kuliko gari lao wenyewe. Hakuna aliyekatazwa kuendesha. Ramani tu ndiyo iliyotangulia kufikiria miguu.

Mexico City nayo, mwaka 2017, iliacha kuwalazimisha wajenzi kuweka idadi fulani ya maegesho, ikaweka kikomo cha juu badala yake.

Sisi tuna mabasi ya mwendokasi tangu Mei 2016, na asubuhi yanajaa pomoni. Hamu ya kupanda basi ipo. Kinachonikera ni kibali cha mradi wa nyumba kutolewa kabla mtu hajauliza: mama asiye na gari atafikaje kazini kutoka hapa?

Kwenye kona ya mtaa wetu kimebaki kiwanja kimoja kisichojengwa, na daladala inaweza kugeuzia hapo. Barua ya kukiomba iko tayari kwenda serikali ya mtaa. Majirani 14 wameshasaini, na wa kwanza ni yule wa mkopo.